Njoo na Bakuli

Mimi ni mtu wa kujisifu. Nianze na hilo, wajukuu wangu wakisoma haya wasije wakasema Jaja, bibi yao, amejificha. Sijifichi. Nina wajukuu tisa. Mmoja anasomea unesi, mwingine akiimba kanisani watu wanageuza shingo, na wote wananiogopa inavyotakiwa. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini Biblia naisoma mwenyewe, kwa kidole, na haya nayaandika mwenyewe. Ukifika Kamwokya, hapa Kampala, ukamuulizia Jaja wa wagonjwa, hata mlevi atakuonyesha mlango wangu.

Kiswahili nilikipata kambini. Mume wangu alikuwa askari, sisi ni watu wa kaskazini, na mle kambini kulikuwa na makabila mengi kuliko sufuria. Tuligombana kwa Kiswahili na tukapatana kwa Kiswahili. Mume wangu alipokufa nikatoka kambini na watoto wanne, godoro moja na lugha hiyo. Huku Kamwokya watu wanaongea Luganda. Ukifungua mdomo kwa Kiswahili sokoni, wanawake wa umri wangu wanabana mikoba kwapani. Wanakumbuka askari, wanakumbuka wezi.

Ndiyo maana kikundi chetu cha wamama wa kanisa kikanipa Wakongo.

"Jaja, wewe una lugha yao," mwenyekiti wetu aliniambia. Mwenyekiti ni mama wa Ntinda, ana gari, ana nyumba yenye geti, ana moyo mzuri. Nasema kweli, moyo ni mzuri. Sauti ndiyo kubwa.

Kazi yetu hailipwi. Tunawaogesha wagonjwa, tunafua mashuka yao, tunapika uji, tunakaa na wanaomeza dawa mpaka wameze. Wenzangu wengine wakifika kwa mgonjwa wanaanza kuomba. Mimi naanza na maji. Mtu aliyelala kwenye mkojo hasikii Zaburi. Nikishamkausha na kumpaka mafuta, hapo tunaongea na Mungu, na Mungu anamkuta mtu wake yuko safi.

Mwanamke ninayetaka kumsimulia nilikabidhiwa na nesi wa kliniki. Mkongo, umri wa binti yangu wa pili, mrefu, mwembamba mpaka mifupa ya shingo inahesabika. Alikuwa na kifua kikuu. Dawa ni za miezi sita, kila siku bila kuruka, na lazima awepo mtu wa kumwona akimeza, kwa sababu watu wakipata nafuu kidogo wanaacha. Hakuwa na mtu. Mume alibaki Kongo, ardhini. Wazazi pia. Watoto hakujaliwa. Nesi akaandika jina langu kwenye kadi yake, mahali pa mtu wa kumsimamia.

"Na kukohoa kwake?" nikauliza. Nina wajukuu nyumbani.

"Akishameza wiki kadhaa haambukizi tena," nesi akasema. "Na ugonjwa huu hauendi kwenye chakula, Jaja. Unaenda kwenye hewa. Fungua dirisha, ukae."

Nilimkuta kwenye chumba kimoja cha kupanga, mlango unatazama njia ya kwenda sokoni. Nje ya mlango kulikuwa na kinu. Kinu kikubwa cha mti mweusi, kimeng'aa kwa mikono. Yeye alikuwa anauza sombe, yaani majani ya mihogo yaliyotwangwa. Wakongo bila sombe ni sawa na Waganda bila ndizi. Alinunua majani asubuhi, akayatwanga pale mlangoni, tu, tu, tu, na huo mlio ndio uliokuwa tangazo lake. Wanawake waliusikia wakaja na mabakuli. Wengine siku hizi wanasaga kwa mashine, lakini ya mashine, alisema yeye, inakuwa matope, haina meno.

Siku ile ya kwanza nilikwenda na nguo yangu ya kawaida, maana kitenge cha kikundi kilikuwa kwenye kamba. Bahati tu. Kitenge chetu ni cha bluu, kina misalaba midogo na mikono miwili inayoshikana, na kila mtu Kamwokya anakijua. Tukipita nacho watu wanatupisha njia. Tukiingia nacho kwenye nyumba, wanasema polepole: pale kuna mgonjwa.

Alinikaribisha, akafunga mlango, akasikiliza habari zangu. Kisha akacheka.

"Mama, unaongea Swahili kama mutu anakamata mwizi."

"Ni ya kambini," nikasema. "Kambini hatukubembeleza."

"Basi niamuru. Nimeze dawa?"

"Meza!"

Akameza, akafungua mdomo wote, akatoa ulimi kama mtoto. "Tazama vizuri, Mama. Hata njaa haijajificha humu."

Nilimpenda hapo hapo. Nilipoinuka kuondoka akanishika mkono. Uso ulikuwa umebadilika.

"Mama, nakuomba kitu kimoja tu. Kile kikwembe chenu cha kanisa, usikuje nacho hapa. Ninakijua. Bakikiona kwangu, hakuna mutu atakula sombe yangu tena. Kuja na bakuli. Kuja kama mutu wa kununua."

"Nitakuja na bakuli," nikasema.

"Unaniahidi?"

"Mimi nikisema nimesema."

Ndivyo nilivyosema. Neno hilo nalikumbuka kuliko kiapo cha ndoa yangu.

Basi nikaenda na bakuli. Bakuli la bati, jeupe, ukingo wa bluu, limebanduka rangi sehemu moja. Kila asubuhi nilifika, nikasimama na wanunuzi wengine, nikasalimia kwa sauti, nikasema nataka ya leo, si ya jana. Yeye alijibu, "Mama, ingia ndani uchague mwenyewe, wewe unasumbua." Tukaingia. Mlango ukarudishwa. Vidonge vilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Anameza, anatoa ulimi, tunaomba kidogo, kwa sauti ya chini kama watu wanaopanga kuiba, halafu natoka na bakuli limejaa.

Mimi sombe sikuipenda. Kwetu tunakula boo na malakwang, mboga zenye ufuta, mboga za watu wenye akili. Lakini nilikuwa mnunuzi, na mnunuzi hatoki na bakuli tupu. Nyumbani wajukuu walilia.

"Jaja, sombe tena?"

"Kuleni. Hata Wana wa Israeli walilalamika kwa mana."

"Mana ilikuwa tamu, Jaja!" akasema yule wa kwaya.

Mwezi wa pili mifupa ya shingo ikaanza kufunikwa. Mwezi wa tatu akacheka bila kukohoa mwishoni. Sauti ya kinu ilibadilika pia. Mwanzoni alitwanga mara nne akapumzika, mara nne akapumzika. Sasa nilimsikia tangu kona ya muuza mkaa, anatwanga mfululizo, na ameanza na kuimba, nyimbo zao za kwao zenye kupanda na kushuka. Muuza mkaa, mwanamke Mganda mnene mwenye mdomo, akaniambia, "Jaja, yule Mkongo wako anapika dawa gani humo? Mbona ananenepa na wewe unakonda?" Nikacheka. Moyoni nilijisifu. Nilisema: hii ni kazi yangu. Hii ni mikono yangu.

Sasa tumefika mahali ninapoona aibu kupasimulia.

Kila mwaka kabla ya Pasaka kikundi chetu kina Jumapili ya matembezi. Tukitoka ibadani tunapanga mistari, sare mwilini, mabeseni kichwani yenye sukari na sabuni na chumvi, tunaimba mpaka kwenye milango ya wagonjwa. Mwaka ule tulikuwa na vitenge vipya. Mjukuu wangu wa unesi ndiye aliyeninunulia changu, akakishonesha kwa fundi mzuri, mikono ya juu kama bawa. Na mwaka ule nilikuwa nimefanywa kiongozi wa eneo letu. Mimi wa darasa la tatu.

Mwenyekiti akauliza kwenye kikao, "Nani ana mgonjwa aliyepona vizuri, tumpeleke blanketi, tumshukuru Mungu pamoja naye?"

Mwaka ulikuwa mbaya, tulikuwa tumezika sana. Na mimi mkono wangu ukapanda juu wenyewe, kama wa mtoto aliyejua jibu.

Sitasema nilisahau ahadi. Nilikumbuka. Usiku ule kitandani nilijiambia: ameshapata nafuu, si mgonjwa tena, watu watafurahi naye. Nikajiambia: blanketi ni zito, msimu wa mvua unakuja. Nikajiambia mengi. Lakini ukweli ni mmoja na haukai vizuri mdomoni: nilitaka waione kazi yangu. Nilitaka wanione na mimi, nikiwa mbele, na kitenge kipya chenye mabawa.

Tuliingia njia yake tukiimba. Alikuwa mlangoni, Jumapili ndiyo siku ya biashara kubwa, wanawake wanne wamesimama na mabakuli yao na mmoja ameshachotewa. Alisikia wimbo akainua kichwa. Akaniona. Mchi ulikuwa juu hewani, akaushusha taratibu, hakutwanga.

Niliona macho yake. Nilikuwa mbele, nikaendelea kuimba.

Mwenyekiti akamkumbatia. Akamfunika blanketi mabegani, na jua lile. Kisha akaomba, kwa Luganda, kwa ile sauti yake inayofika Ntinda bila gari. Akamshukuru Mungu kwa ajili ya dada yetu aliyekuwa anakufa kwa kifua, kwa dawa, kwa Jaja wetu ambaye kila siku bila kukosa amekuja kumwona akimeza. Watu walikuwa wamejaa njiani. Kila mmoja anajua Luganda.

Nilifungua jicho moja katikati ya maombi. Yule aliyekwisha kuchotewa aliinama, akamimina sombe yake ndani ya beseni, polepole, bila kelele, akafuta bakuli kwa kitambaa. Wengine watatu walikuwa wameshaondoka. Muuza mkaa alisimama kwenye kona yake, mkono mdomoni.

Mkongo wangu alipiga magoti, kama wanavyopiga wanawake wa hapa, ingawa si desturi ya kwao. "Aksanti, bamama," akasema. "Aksanti sana. Mungu abariki." Akapokea sukari. Akapokea sabuni. Tulipogeuka kuondoka akaniita, na aliniita kwa upole.

"Mama. Leo mbona hukukuja na bakuli?"

Nimejibu mara elfu tangu siku ile, nikiwa nafua, nikiwa nachambua maharage. Pale niliweka beseni kichwani, nikafuata wenzangu.

Kesho yake nilifika na bakuli. Kwenye beseni lake sombe ya jana ilikuwa imekuwa nyeusi. Hakutwanga mpya. Keshokutwa yake alitwanga kidogo. Tukakaa mlangoni wote wawili tangu asubuhi, mnunuzi akawa mimi peke yangu. Nikawasimamisha watu njiani. Nikawaambia ugonjwa hauendi kwenye chakula, unaenda kwenye hewa, nesi amesema. "Ndiyo, Jaja, tumesikia," wakasema, wakapita upande wa pili. Mwenye nyumba akaja kuuliza, kwa adabu tu, kama kuna ndugu anayeweza kumchukua.

Alimeza dawa mbele yangu siku zile zote. Ulimi alikuwa hatoi tena. Anameza, anageuza uso.

"Nisamehe, mwanangu," nikamwambia siku moja.

"Nilishasamehe, Mama. Lakini sombe hainunuliwi na kusamehe."

Siku ya kumi na kitu nikakuta kufuli mlangoni.

"Amehama," muuza mkaa akasema. Hakuwa na mzaha siku hiyo. "Alfajiri, kwa bodaboda. Yeye nyuma, kinu amekibeba mgongoni na shuka, amekifunga kama mtoto. Nilimuuliza anakwenda wapi, akasema, mahali ambapo sijulikani."

Blanketi aliliacha. Alilikunja vizuri, akampa muuza mkaa, aniletee mimi.

Nilikwenda kliniki. Hakuwa amefika kuchukua dawa. Nesi alinitazama juu ya miwani, akafungua daftari, akafunga. "Amebakiza miezi miwili, Jaja. Akiacha sasa, ugonjwa unarudi na hasira." Nikaenda kwenye makanisa ya Wakongo, Jumapili hii, Jumapili ile, nikasimama mlangoni nikitazama nyuso. Wengine walimjua, hawakujua aliko. Wengine walijua, nadhani, hawakuniambia. Sioni kosa lao.

Mjukuu wangu wa unesi alisema, "Jaja, umechoka, acha. Umefanya uliloweza."

"Nimefanya nililoweza," nikamwambia. "Ndilo lililomfukuza."

Nikasikia kwamba Wakongo wengi wamehamia Kawempe, kodi ni nafuu. Nikaanza kwenda Kawempe. Mguu wangu wa kulia una maji kwenye goti, lakini nilitembea. Sikuuliza jina. Nilisikiliza. Kila nilipoingia uchochoro nilisimama nikatega sikio, tu, tu, tu. Nikapata kinu kimoja, mama mwingine kabisa, anatwanga karanga. Nikapata kingine, mvulana anatwanga mahindi. Watu wakaniona kichaa: bibi mzima anasimama kwenye mifereji, bakuli mkononi, kichwa amekiinamisha kama kuku.

Mvua zilianza zikaisha. Nilimpata mwisho wa mvua, na si kwa mlio. Nilipita uani mahali fulani nikakiona kinu, kimegeuzwa juu chini, na mtoto wa mtu amekikalia kama kiti. Nilikijua kile kinu. Ningekijua hata gizani.

Alikuwa ndani, juu ya mkeka. Mifupa ya shingo ilikuwa imerudi yote. Chumba kilinuka. Aliniangalia usoni, akaangalia nguo yangu, akaangalia mkono wangu.

"Umekuja na bakuli," akasema.

Nikakaa chini. Nikaanza na maji, kama kawaida yangu. Nilimwogesha, alikuwa mwepesi, ngozi ina joto la sufuria. Nikabadilisha shuka. Nilipokuwa nampaka mafuta miguuni ndipo nikamuuliza kwa nini hakuchukua dawa, huku nako kliniki ziko.

"Nilikwenda," akasema. Alikuwa anaongea neno, anapumzika, neno, anapumzika, kama kinu chake cha mwanzo. "Baliniuliza jina la mutu wa kunisimamia. Sina mutu mwingine. Nikasema moyoni, nikitaja jina lako, batakuita. Utakuja tena na bamama, na nyimbo. Huku nilikuwa nimeanza kupata wanunuzi, Mama. Watano. Watano wazuri. Nikarudi nyumbani."

Mafuta yalikuwa mkononi mwangu. Niliendelea kupaka. Ningefanya nini kingine?

Tulimpeleka hospitali. Kwenye wodi zetu mgonjwa anakwenda na mtu wake wa kumwogesha, kumlisha, kumfulia; bila mtu unalala kwenye uchafu wako. Aliyekuwa anaandika akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nikasema, "Mama yake." Akanitazama, akamtazama, mrefu wa Kongo na kifupi cha kaskazini. Akaandika.

Nilikaa naye wiki tatu, nikilala chini ya kitanda chake kwenye mkeka, barakoa usoni. Dawa zilikuwa nyingine, kali zaidi, zilimtapisha. Siku nyingine alichangamka. Alinifundisha sombe inavyopikwa, maana alisema miezi yote ile nilikuwa naiharibu. "Unaweka maji kama unafua! Acha ikauke yenyewe, halafu mafuta ya mawese, halafu samaki mukavu. Unangoja. Wewe Mama hujui kungoja." Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka. Na yeye alicheka, akalipa kile kicheko kwa kukohoa mpaka damu.

Asubuhi moja, uji ukiwa unapoa, akaniuliza, "Bakinizika, ni wapi?"

Hilo ni swali gumu Kampala. Hapa si mahali pa kuzikwa. Kila mtu ana kwao. Ukifa, unafungwa juu ya gari unarudishwa kijijini, Mganda kwa Waganda, mimi kaskazini kando ya mume wangu. Asiye na kwao, jiji linamzika na wasiojulikana, bila mtu wa kulia. Alijua. Wakongo wote wanajua.

"Kanisa letu lina kiwanja kidogo nje ya jiji," nikasema. "Nitawaomba. Hutazikwa na jiji."

"Ni nani atakuja?"

"Mimi."

"Wewe peke yako?" Akavuta pumzi. "Mama, ile siku, kuja na kile kikwembe. Bamama bote bakuje nacho. Na nyimbo. Na yule mwenye sauti. Batu baone kama nilikuwa na batu."

Nikasema, "Mwanangu, kitenge hicho ndicho..."

"Ninajua," akasema. "Lakini ile siku sitakuwa ninauza kitu."

Alikufa siku ya tatu baada ya maongezi hayo, asubuhi, kabla nesi hajapita. Nilikuwa nimekwenda bombani kufua. Niliporudi mikono yake ilikuwa bado ya moto.

Kiwanja kiko mikononi mwa kikundi, kwa hiyo ilinibidi nisimame mbele ya wamama kukiomba. Ningeweza kuomba kiwanja tu. Wangenipa. Lakini nyimbo na vitenge na sauti ya mwenyekiti, hivyo visingekuja vizuri bila habari yake. Nikasimama, nikasema yote. Nikasema aliniomba nisije na kitenge kwake. Nikasema nilikumbuka, nikaja nacho, kwa sababu nilitaka mnione. Nilisema kwa Luganda yangu mbovu, inayochanganya ra na la, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka.

Mwenyekiti alikuwa anatazama mikono yake. "Na mimi niliomba kwa sauti," akasema. Hiyo siku sauti yake ilikuwa ndogo mpaka wa nyuma waliuliza amesema nini.

Kitenge changu chenye mabawa nilikuwa sijakivaa tangu ile Jumapili. Nilikitoa kwenye sanduku, kina harufu ya dawa ya nondo. Mjukuu wangu wa unesi alinifunga kamba za nyuma, na yule wa kwaya akaja na wenzake watatu, sikuwaita.

Tulikuja wengi. Mistari miwili mirefu, bluu tupu, kwenye udongo mwekundu. Wakongo walikuja pia, kutoka Kawempe, wakasimama upande, wakashangaa. Nilimwona mama mmoja wao akimnong'oneza mwenzake, "Kumbe alikuwa na ndugu hivi?" Na muuza mkaa wa Kamwokya alikuja, na gomesi, gauni lake refu la harusini, akalia kuliko wote. Tuliimba. Mwenyekiti aliomba, nikamwambia ongeza sauti, akaongeza, mpaka ndege wakaruka.

Walipoanza kurudisha udongo, mwenyekiti alinigusa kiwiko. Alikuwa ameona nilichobeba chini ya kitenge tangu tulipotoka.

"Jaja," akasema, "hilo bakuli ni la nini?"

"La sombe," nikasema.